Kufuli la Laptopu Likigoma Kufunguka: Namna ya Kulitoa Bila Kuumiza Kompyuta

Kila mvua za vuli zinapoanza kunyesha Mwanza, maswali huwa ni yale yale: ufunguo unaingia lakini hauzunguki, namba ni sahihi lakini kufuli halitoki, ufunguo umezunguka nusu, na sasa haurudi wala hauendi mbele. Anayeuliza leo ni mhasibu wa ofisi iliyopo Kirumba, kesho ni mwanafunzi wa Malimbe aliyefunga laptopu yake kwenye mguu wa meza ya hosteli, keshokutwa ni mama mwenye steshenari ya Buzuruga ambaye anataka kuhamisha mashine kwa jirani mwenye jenereta kwa sababu umeme umekatika na wateja wamejipanga. Jibu la wote watatu ni moja, na limeandikwa hapa kwa utaratibu ili aliyekwama aweze kulifuata akiwa peke yake.

Lipo jambo la kushika kabla ya mengine yote. Kufuli hili, lile la waya unaoifunga laptopu kwenye meza ili isiibiwe, limetengenezwa kwa chuma kigumu, ilhali tundu linalolishikilia kwenye laptopu mara nyingi limezungukwa na plastiki au bati jembamba, kwa hiyo ukitumia nguvu kitakachovunjika kwanza ni laptopu. Kwa bahati nzuri nguvu hazihitajiki, kwa kuwa makufuli mengi yanayodhaniwa kuwa yameharibika huwa yamebanwa tu na mvutano wa waya, au yamejaa uchafu, au yote mawili kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kufuli lake, pamoja na ufunguo wake au namba zake. Ikiwa laptopu ni mali ya ofisi au chuo, anza kwa kuuliza kitengo cha TEHAMA, maana makufuli yanayonunuliwa kwa wingi huweza kuja na ufunguo mkuu mmoja unaoyafungua yote, na huenda shida yako ikaisha pale pale bila hata kuchafua mikono.

Lijue kufuli lako

Aina iliyoenea zaidi ni ile inayoitwa Kensington, kwa jina la kampuni iliyoieneza tangu miaka ya 1990. Tundu lake kwenye ubavu wa laptopu lina upana wa takribani milimita 7 na kimo cha milimita 3. Kichwa cha kufuli kina ulimi wenye umbo la herufi T, ambao huingia tunduni ukiwa umelala sambamba na urefu wa tundu, kisha ukifunga huzunguka robo ya mduara ili mabega yake yakae kinyume na tundu, nyuma ya ukuta wa laptopu. Kufungua ni kuyarudisha mabega hayo yalingane tena na tundu. Ukilielewa hilo utaona mara moja kwa nini kuvuta hakusaidii kitu: kadiri unavyovuta kichwa ndivyo mabega yanavyozidi kuukandamiza ukuta kwa ndani, na ndivyo yanavyozidi kukataa kuzunguka.

Laptopu nyembamba za siku hizi nyingine zina tundu dogo zaidi, la milimita 6 kwa 2.5, na baadhi ya Dell zina tundu la milimita 4.5 kwa 3.2 ambalo kufuli lake hushika kwa kabari badala ya ulimi unaozunguka. Pima kwa rula. Ikiwa kufuli lililonunuliwa mtaani halikuwa la tundu hilo na likasukumwa mpaka likaingia, basi halikukwama kwa uchafu, na hatua za hapa chini hazitalitosha. Lipeleke kwa fundi wa kompyuta kabla hujaongeza madhara.

Kwa upande wa kufungua, yapo makufuli ya ufunguo wa bomba, yaani ule wa mviringo wenye uwazi katikati. Yapo ya ufunguo bapa. Na yapo ya namba, ambayo kwa kawaida yana vigurudumu vinne.

Mahitaji

Andaa vitu hivi mezani kabla ya kuanza, kwa sababu ukishashika kichwa cha kufuli kwa mkono mmoja hutapenda kusimama kutafuta:

- tochi ndogo; ya simu inafaa, ingawa inachosha mkono;
- mswaki mkuukuu uliokauka, au brashi laini ya kupakia rangi;
- vijiti vya kuchokolea meno vya mbao, na vijiti vya pamba vya masikioni;
- bomba la sindano jipya lisilo na sindano, kwa ajili ya kupuliza hewa;
- spiriti kidogo kutoka duka la dawa;
- penseli laini ya 2B na kipande cha msasa, au unga wa grafaiti ukiupata katika maduka ya vifaa vya ujenzi;
- kitambaa safi na karatasi nyeupe;
- ufunguo wa akiba, kama bado unajua ulipo.

Mafuta hayamo katika orodha hii, na hayakusahauliwa. Sababu itaelezwa mbele.

Hatua za kufuata

1. Zima laptopu kabisa, usiiache tu kwenye hali ya usingizi. Chomoa chaja, flashi, kipanya na kila kilichochomekwa, na ikiwa betri yake ni ile ya kutoa kwa mkono, itoe. Utafanya kazi na spiriti na unga unaopitisha umeme, sentimita chache kutoka kwenye saketi zake.

2. Ondoa mvutano wa waya. Fuata waya wa kufuli kutoka kwenye laptopu mpaka pale ulipofungwa, kisha isogeze laptopu upande huo hadi waya ulegee na kuning'inia. Kama umejiviringa kwenye mguu wa meza, ukunjue. Kama meza ni nzito na waya ni mfupi, mwombe mtu akuinulie laptopu wakati wewe unafanya kazi. Jaribu ufunguo sasa hivi, kabla ya hatua nyingine yoyote. Wengi huishia hapa, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao.

3. Mulika tochi ndani ya tundu la ufunguo na ukingoni ambapo kichwa kinagusana na laptopu. Katika kufuli la ufunguo wa bomba utaona duara jembamba lenye pini ndogo zinazong'aa zikiwa zimelizunguka. Zote zinatakiwa zionekane zikiwa kwenye kimo kimoja. Pini moja iliyozama kuliko wenzake imenasa, na ndiyo inayokuzuia. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya ziwa kuna kitu cha ziada cha kutazama: wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa makundi na kufuata taa usiku. Wanapokufa juu ya meza iliyo chini ya taa, mabawa na miili yao huingia kwenye matundu, hushikamana na vumbi na unyevu, na baada ya wiki kadhaa huwa utando wa kijivu mgumu kiasi kwamba ukiutazama haraka utadhani ni sehemu ya chuma.

4. Igeuze laptopu ili tundu la kufuli litazame chini, uiegemeze juu ya mto au shuka iliyokunjwa, na utandaze karatasi nyeupe chini yake. Kila kinachotoka kianguke kwenye karatasi, kisirudi ndani ya mashine. Sugua tundu la ufunguo kwa mswaki mkavu, ukwangue utando kwa ncha ya kijiti cha mbao, kisha pulizia hewa kwa bomba la sindano kwa mikupuo mifupi. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi yako ina unyevu, na unyevu ndio uliogandisha uchafu huo. Usitumie pini ya chuma wala sindano ya kushonea: kijiti kikivunjika mle ndani kinaweza kutolewa, lakini ncha ya chuma ikivunjika inakuwa kazi nyingine.

5. Safisha ufunguo wenyewe. Ufunguo unaokaa mfukoni pamoja na sarafu na makombo ya karanga hubeba uchafu na kuupeleka tunduni kila unapoutumia. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti, uache ukauke, kisha uutazame kwa ubavu dhidi ya mwanga ili kuona kama umepinda. Hakikisha pia kwamba ndio wenyewe, maana funguo za bomba hufanana sana, na ufunguo wa kufuli la mwenzako unaweza kuingia vizuri kabisa bila kuzunguka. Baadhi huwa na namba iliyochongwa. Ilinganishe na ya ufunguo wa akiba.

6. Ingiza ufunguo mpaka mwisho. Ufunguo wa bomba una kijino kidogo kinachopaswa kukaa ndani ya mkato uliopo kwenye duara la tundu. Kisipokaa hapo, ufunguo husimama nusu njia na huhisi kama umefika. Usukume taratibu mpaka uhisi pini zikirudi nyuma kwa mkandamizo laini.

7. Sasa fanya jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Kwa mkono mmoja kisukume kichwa cha kufuli kuelekea kwenye laptopu, kama vile unataka kukiingiza zaidi, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine zungusha ufunguo. Msukumo huo mdogo hulitoa bega la ulimi kwenye ukuta wa ndani na kuliachia nafasi ya kuzunguka. Ukigoma, kitikise kichwa kidogo sana juu na chini huku ukiendelea kukandamiza ufunguo kwa wepesi ule ule. Kipimo cha nguvu ni vidole viwili. Ukijikuta unataka kushika ufunguo kwa koleo, simama hapo hapo.

8. Kama bado, tumia grafaiti. Sugua ncha ya penseli ya 2B kwenye msasa mpaka upate unga mweusi kiasi cha kufunika ukucha wa kidole kidogo. Chovya ncha ya ufunguo katika unga huo, ukung'ute, uingize na kuutoa mara kadhaa, kisha urudie hatua ya 7. Tumia unga kidogo. Grafaiti hulainisha ikiwa kavu na haivuti vumbi, lakini hupitisha umeme, na ndiyo maana laptopu inaendelea kutazama chini muda wote huu. Ukimaliza, futa ukingo wote wa tundu kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti na kukamuliwa.

9. Ulimi ukishalingana na tundu utahisi kichwa kimelegea ghafla. Kivute kwa kukinyoosha, bila kukipindisha pembeni. Acha laptopu ipate hewa kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, hasa kama ulitumia spiriti.

10. Usilirudishe kufuli kwenye laptopu siku hiyo. Lishike mkononi, ulifunge na kulifungua mara nyingi likiwa halijashika kitu. Likiwa bado zito mkononi mwako, basi uchakavu upo ndani yake, na kufuli la namna hiyo heri kulistaafisha kuliko kulisubiri ligome tena siku ya safari.

Kwa kufuli la namba

Hatua ya 1 hadi ya 4 ni zile zile. Tofauti inaanza kwenye vigurudumu. Kwanza tafuta alama ya mstari au nukta ambayo namba zinapaswa kulingana nayo. Katika makufuli ya bei nafuu alama hiyo hufutika kwa jasho la vidole, kisha mtu akapanga namba zake kwenye ukingo usio wenyewe na kuapa kwamba kufuli limebadilika. Mulika tochi kwa pembeni, kwa kuwa mkwaruzo wa alama huonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni.

Pili, hakikisha kila kigurudumu kimekaa katikati ya namba na hakining'inii kati ya namba mbili. Utahisi kidole kikidumbukia kwenye kituo chake. Kigurudumu kisicho na kituo kimejaa uchafu. Kizungushe mduara mzima mara kadhaa huku ukipuliza hewa kutoka juu, kisha upange upya.

Tatu, jaribu jirani wa kila namba. Ikiwa namba zako ni 4 7 1 9, jaribu 3 7 1 9 na 5 7 1 9, halafu uhamie kigurudumu cha pili, na kuendelea mpaka cha nne. Ni majaribio manane tu, na hukamata kosa la kawaida kabisa, ambapo kigurudumu kimoja kilisogea wakati wa kuweka namba mpya. Makufuli mengi ya aina hii hubadilishwa namba kwa kubonyeza kitufe au kuzungusha skrubu ndogo yakiwa wazi, na kitufe hicho kikiguswa bila kukusudia, namba iliyokuwepo mbele wakati huo ndiyo inakuwa namba mpya. Kwa hiyo kumbuka pia namba ulizozoea kuviachia vigurudumu kufuli likiwa halitumiki, ikiwemo 0000.

Kwenye vigurudumu usitie grafaiti nyingi. Inashuka mpaka chini, na huchafua namba zisisomeke.

Mambo yanayowaponza wengi

Mafuta ya kupikia, mafuta ya cherehani, grisi na mafuta ya taa yote yana kisa kimoja: siku ya kwanza kufuli linateleza na mwenyewe anafurahi, baada ya muda vumbi la barabarani linanata humo ndani, na kinachobaki ni tope. Mji wetu umejengwa juu ya miamba na vilima, njia nyingi za mitaani ni za changarawe, na vumbi lake ni chembe ngumu zinazokwangua chuma. Mafuta ya kunyunyizia ya kopo ni afadhali kidogo, lakini mnyunyizo wake hauna adabu. Nusu yake huingia ndani ya laptopu, na wakati mwingine hufika mpaka kwenye kioo.

Kupasha kufuli moto kwa kiberiti ni hatari isiyo na faida. Betri ya lithiamu inaweza kuwa nyuma tu ya ukuta huo, na plastiki huanza kulegea kabla chuma hakijapata joto la maana.

Kuingiza bisibisi kati ya kichwa na laptopu na kubinua ndilo kosa linalogharimu fedha nyingi kuliko yote. Ukuta unapasuka, tundu linapanuka, na mara nyingine kipande kinaanguka ndani juu ya ubao mama, yaani bodi kuu ya saketi. Gharama ya kubadilisha ganda la laptopu inaweza kununua makufuli kadhaa.

Na gundi ya haraka kwenye ufunguo uliovunjika, ushauri ambao kila mtaa una mtu wake wa kuutoa, huishia kuunganisha pini badala ya ufunguo.

Likigoma bado

*Ufunguo umezunguka nusu na hautoki.* Ufunguo wa bomba hutoka pale tu ulipoingilia au mwisho wa mzunguko wake. Sukuma kichwa kuelekea kwenye laptopu, uurudishe ulikotoka, kisha uvute. Usijaribu kuuchomoa ukiwa katikati.

*Ufunguo umevunjikia ndani.* Usiingize kitu kingine nyuma yake. Kama kipande kinaonekana, kishike kwa kibano chembamba na kukivuta kwa kukinyoosha. Kama hakionekani, hiyo ni kazi ya fundi wa kufuli.

*Ufunguo umepotea.* Tafuta namba ya ufunguo kwenye karatasi au kibandiko kilichokuja na kufuli, kwa sababu Kensington, kwa mfano, ina utaratibu wa kusajili namba hizo ili mteja aweze kupatiwa ufunguo mwingine. Mchonga funguo wa barabarani anaweza kabisa ufunguo bapa akipewa wa kunakili, lakini wa bomba unahitaji mashine yake, hivyo uliza kabla ya kumwachia kazi.

*Unahitaji laptopu leo na kufuli halijatoka.* Waya unaweza kukatwa, ilimradi ni wako au mwenye mali ameridhia. Umesukwa kwa nyuzi nyingi za chuma, kwa hiyo plaizi ya kawaida huuchambua tu bila kuukata. Tumia koleo kubwa la kukatia vyuma, vaa glavu na miwani, na ushike pande zote mbili kwa sababu nyuzi zikikatika hufyatuka. Kichwa kitabaki kimening'inia kwenye laptopu, nayo itafanya kazi kama kawaida. Utakuwa umeshinda meza, hujashinda kufuli, lakini sasa unaweza kuipeleka kwa fundi.

*Unakwenda kwa fundi.* Beba risiti ya laptopu au barua ya ofisi, pamoja na namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya mashine. Fundi mwaminifu ataviomba, na asiyeviomba angalau akutie shaka. Mwombe kwanza afungue kifuniko cha chini na kutenganisha betri, maana katika laptopu nyingi ulimi unaonekana kwa ndani, na ganda likishafunguliwa kichwa huweza kutolewa bila kukata chochote. Ikibidi kukata, kikatwe kwa msumeno wa chuma wa mkono. Akishika grenda na mashine ikiwa imefungwa na betri yake ndani, ichukue uondoke: cheche na unga wa chuma havichagui pa kuangukia.

*Kufuli limetoka lakini tundu limepasuka.* Itikise laptopu polepole karibu na sikio kabla ya kuiwasha. Ukisikia kitu kikigongagonga ndani, usiiwashe mpaka kifuniko kifunguliwe na kipande hicho kitolewe. Ikiwa kimya, unaweza kuendelea kuitumia, ila tundu hilo usilifunge tena kufuli. Lizibe kwa kipande cha utepe wa gundi ili vumbi na wadudu wa ziwani wasipate mlango, mpaka utakapobadilisha ganda.